Soksi Ianzayo Vidoleni

(Mazungumzo yaliyotolewa na mkufunzi wa ufumaji mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, siku ya kwanza ya mafunzo ya siku mbili. Yanachapwa hapa kwa ombi la vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe.)



Barua ya mwaliko ilisema nije kuzungumza juu ya soksi. Ningependa kuirekebisha kidogo. Soksi tunazijua, hapana mama aliyemo humu ambaye hajapata kufuma soksi. Tusichokijua vema ni kisigino, na urefu wa unyayo, na hayo mawili ndiyo yaliyotutia hasara. Kwa hiyo nitasema juu ya kisigino, na sitaanza na maelezo ya sindano bali na habari ya fedha, kwa sababu makatibu wamo na ndio watakaonisikiliza kwa makini zaidi.

Chama ninachotoka kilipata oda ya jozi 120 za soksi za shule. Uzi tulikopeshwa, kilo 8 na gramu 400, kwa hesabu ya gramu 70 kila jozi. Kazi ilikwisha kwa wakati. Mkaguzi nilikuwa mimi. Nilitazama kila jozi, nikaivuta mdomo, nikaona ufumaji sawa, nikaipitisha. Baada ya majuma mawili jozi 47 zilirudi. Kati ya hizo, 29 zilikuwa na unyayo mfupi kuliko kipimo, au soksi ya kulia na ya kushoto hazikulingana. 18 zilikuwa na donge au tundu penye vidole, pale mfumaji anapofunga kazi.

Sasa sikilizeni ubaya wa jambo hili. Kila jozi ilipoletwa kwangu ilikuwa na kikaratasi chenye jina la mfumaji. Nilivibandua vikaratasi vyote nilipozifunga katika mafurushi, maana niliona vinaharibu sura ya mali. Jozi 47 ziliporudi hapakuwa na mtu duniani awezaye kusema hii ni ya nani. Mkutano wa wanachama ukaamua hasara igawanywe sawa. Mwanachama aliyefuma jozi kumi bila kasoro alikatwa sawa na yule aliyeharibu sita. Watatu waliacha chama. Mmoja wao alikuwa mfumaji bora kuliko wote tuliokuwa nao, na mpaka leo tukikutana njiani ananiamkia kwa heshima, kisha anapita.

Nilikaa na zile jozi 47 nyumbani kwangu muda mrefu, nikizifumua moja moja. Ukifumua kazi ya mtu unamwona alivyokuwa akiwaza. Nikaona kwamba karibu zote zilikuwa na miguu mirefu mizuri, iliyofumwa kwa raha. Kisha kisigino. Kisha unyayo ulioanza vizuri, halafu ukakazwa, halafu ukakatishwa. Uzi ulikuwa umeanza kwisha. Mama amefuma tangu juu, kama tulivyofundishwa sote, akatumia uzi kwa ukarimu pale ambapo hapana kipimo chenye lazima, akafika pale penye kipimo cha lazima hana uzi. Akafanya ambalo kila mmoja wetu angelifanya. Alipunguza unyayo sentimita 2 akaomba Mungu mtoto awe na mguu mdogo.

Hapo ndipo nilipoanza kuitafakari soksi inayoanzia vidoleni. Kama uzi utapungua, na upungue kwenye mguu wa juu. Mwanafunzi mwenye soksi iliyofika sentimita 12 juu ya kifundo badala ya 14 hatambui. Mwanafunzi ambaye soksi yake imepungua sentimita 2 penye unyayo anaivua siku ya kwanza.

Jambo hili si geni. Huko Misri zimehifadhiwa soksi za pamba zilizofumwa karne nyingi zilizopita, nyeupe na buluu, zenye nakshi ambazo wengi wetu tungeshindwa kuziiga, na miongoni mwake zimo zilizoanzwa vidoleni na kupanda juu. Iko iliyofumwa kisigino chake mwisho kabisa, kikaunganishwa na vitanzi vilivyoachwa wazi, ili kikichakaa kibadilishwe pasipo kuitupa soksi nzima. Mtindo tuliozoea sisi, wa kuanza mdomoni na kushuka, uliletwa hapa na walimu waliofundishwa huko Ulaya, na hapana kosa ndani yake. Ila kuzoea njia moja si ushahidi kwamba ndiyo iliyo bora kwa kazi ya oda.

Basi nieleze kazi yenyewe. Nitataja kipimo kimoja tu, cha mguu wa mtu mzima wa wastani, ili tusichanganyikiwe. Wenye oda ya watoto watapunguza kwa hesabu ileile.

Kwanza sampuli. Najua mnachoka kusikia neno hili. Fuma kipande cha vitanzi 40 na mistari 40, kioshe, kikauke, kisha kipime kwa futi ya fundi cherehani. Kwa uzi mwembamba wa soksi na sindano za milimita 2 na nusu, mimi hupata vitanzi 3 kwa sentimita 1 na mistari 4 kwa sentimita 1 ya urefu. Wewe huenda ukapata vingine. Wako wenzetu wanaofuma kwa spoki za baiskeli zilizonolewa ncha zote mbili, nami siwacheki, maana nilijifunza kwa spoki. Lakini spoki ya kawaida ina unene wa karibu milimita 2, hivyo kitambaa chake hubana zaidi, na anayefuma kwa spoki akitumia hesabu ya mwenye sindano za dukani atatoa soksi ya mtoto. Kumbe wawili hawa waweza kukaa benchi moja, uzi mmoja, oda moja. Ndivyo soksi ya kulia na ya kushoto zinavyokosa kulingana pale tunapogawana jozi, wewe moja na mimi moja. Katika chama changu tumekataza kugawana jozi.

Zungusha futi penye unene wa unyayo, nyuma kidogo ya vidole. Tuseme ni sentimita 22. Soksi yapasa iwe ndogo kuliko mguu, ivutike kidogo, isije ikajikunja ndani ya kiatu. Kwa hiyo tunafuma sentimita 20. Mara 3 ni vitanzi 60. Nusu yake, 30, ni vya unyayo, na 30 ni vya mgongo wa mguu. Urefu wa mguu tuseme sentimita 24. Soksi tutaifuma 23. Namba hizi tatu, 60, 30 na 23, ziandikwe kwenye kikaratasi cha kazi kabla ya uzi kutoka stoo.

Mwanzo wa kazi ndio unaowatisha wengi. Shika sindano mbili sambamba, moja juu ya nyingine, uzungushe uzi kwa mfano wa tarakimu 8: juu ya sindano ya juu, katikati, chini ya sindano ya chini, katikati, mpaka upate vitanzi 12 juu na 12 chini. Fuma vile vya juu, geuza kazi, fuma vile vya chini. Vya chini vikiwa vimegeuka, vifume kwa kupitisha sindano mguu wa nyuma wa kitanzi. Mzunguko wa kwanza utalegea kama wavu wa kuvulia dagaa, usikate tamaa. Baada ya mizunguko mitatu chukua ncha ya sindano uvute kile kilicholegea kitanzi kwa kitanzi mpaka mwisho. Iko njia nyingine isiyolegea, iliyoelezwa na mfumaji wa Marekani, Judy Becker, mwaka 2006, ambayo uzi huzungushwa kwa ncha zake mbili kwenye sindano zote mbili. Nitaionyesha mchana, kwa kuwa mikono hueleza vizuri zaidi kuliko maneno. Kwa njia zote mbili matokeo ni yaleyale: ncha ya soksi haina mshono. Lile donge lililowarudisha jozi 18 halina mahali pa kukaa.

Kutoka vitanzi 24 tunapanda mpaka 60. Kila mzunguko wa pili ongeza vitanzi 4, kimoja kila pembe, kwa kuinua uzi ulalao kati ya vitanzi viwili na kuufuma huku umeupinda, usiache tundu. Mizunguko 9 ya kuongeza na 9 ya kufuma tu ni mizunguko 18, yaani sentimita 4 na nusu. Ncha ya vidole imekwisha.

Hapo mvalie mwenye mguu. Kama mwenye mguu yuko shuleni, tumia kipande cha ubao kilichokatwa kwa kipimo. Jaribu hilo kwa soksi inayoanzia juu! Huwezi, mpaka uimalize. Hapa, ukiona imebana, umepoteza mizunguko 18 na saa moja ya kazi, basi.

Endelea kuzunguka bila kuongeza wala kupunguza. Swali ni: nitakoma wapi nianze kisigino? Na jibu linategemea kisigino chenyewe kina kimo gani, kwa sababu kisigino hiki huongeza urefu wa unyayo. Kisigino nitakachoeleza kina mistari 20 ya kushuka, na mistari 20 kwa hesabu yetu ni sentimita 5. Ishirini na tatu toa 5 ni 18. Anza kisigino soksi ikifika sentimita 18 toka nchani. Toa zile 4 na nusu za vidole, zabaki 13 na nusu, yaani mizunguko 54. Hesabu mizunguko 54 katika soksi zote mbili, usipime kwa futi peke yake. Futi huvutwa na mkono uliochoka, mzunguko hauvutwi.

Sasa kisigino. Nawaomba wenye madaftari waandike.

Tunafanya kazi kwenye vitanzi 30 vya unyayo peke yake. Vile 30 vya mgongo wa mguu vinapumzika kwenye sindano zao. Tunakwenda na kurudi, na kila tukienda tunakoma kitanzi kimoja kabla ya tulipokoma mara iliyopita. Ndiyo maana inaitwa mistari mifupi. Mstari wa kwanza: fuma wazi vitanzi 29. Kile cha 30 usikifume. Lete uzi mbele, hamishia kitanzi hicho sindano ya kulia, rudisha uzi nyuma, kirejeshe kitanzi sindano ya kushoto. Umekivisha uzi shingoni kama mkufu. Geuza kazi. Mstari wa pili: fuma kinyume vitanzi 28, kivishe cha mwisho mkufu, geuza. Mstari wa tatu 27, wa nne 26, na kuendelea hivyo. Mstari wa 20 utafuma vitanzi 10. Hapo una vitanzi 10 vilivyovishwa upande huu, 10 upande ule, na 10 vitupu katikati. Simama uhesabu. Kama si kumi, kumi, kumi, kuna mahali umegeuza kabla ya wakati, na ni afadhali ulijue sasa.

Kazi itaonekana mbaya. Itakuwa imekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Wengi hufumua hapa kwa kudhani wamekosea. Msifumue.

Nusu ya pili ni kuvirudisha kazini vile vilivyoachwa. Mstari wa 21: fuma wazi 10 vya katikati, kisha ufikie kitanzi cha kwanza chenye mkufu. Ingiza ncha ya sindano chini ya mkufu, uinue, uufume pamoja na kitanzi chake, viwe kimoja. Kitanzi kinachofuata, ambacho tayari kina mkufu, kivishe mkufu wa pili, geuza. Mstari wa 22: fuma kinyume 11, na cha 12 ufume pamoja na mkufu wake, kifuatacho kivishe mkufu wa pili, geuza. Kuanzia hapo kila kitanzi utakachokifikia kina mikufu miwili, na yote miwili sharti iinuliwe. Anayeinua mmoja na kuusahau mwingine ataacha alama kama kovu penye pembe ya kisigino, na hapo ndipo kiatu kitakapoanza kula. Endelea mpaka vyote 30 viwe kazini tena: mstari wa 39 utakitwaa kitanzi cha mwisho upande mmoja, wa 40 upande wa pili. Geuza, fuma wazi vile 30, nawe umerudi kwenye mzunguko.

Pale kisigino kinapokutana na mgongo wa mguu, kuume na kushoto, pana nafasi. Usiipite hivihivi. Okota uzi ulioko kwenye nafasi hiyo, uupandishe sindanoni, na mzunguko unaofuata uufume pamoja na kitanzi jirani. Nilipofumua zile jozi 47 niliona matundu ya namna hii yameshonwa baadaye kwa sindano ya nguo. Mshono huo hushika mpaka mtoto atakapokimbia.

Waliopata kuona mashine ya soksi ya kuzungusha kwa mkono watatambua kisigino hiki. Mashine ile hufanya vivyo hivyo: nusu ya sindano zake huinuliwa zipumzike, kisha katika zile zilizobaki sindano moja huondolewa kazini kila zamu, mpaka ibaki karibu theluthi, halafu hurudishwa moja moja. Kwa hiyo mnunuzi anayesema anataka kisigino "kama cha dukani" anataka hiki.

Ndugu wanachama, nisiwafiche upande wa pili. Nilipokionyesha kisigino hiki kwa mara ya kwanza katika chama changu, bibi mmoja aliyefuma soksi tangu ujana wake, kisigino cha kipande kirefu na mashavu ya pembeni, aliniuliza mbele ya watu wote: "Mwanangu, mguu wangu huu utaingia?" Akavua kiatu. Mgongo wa mguu wake ulikuwa umeinuka sana. Tulimvalisha sampuli. Ikapita vidole, ikapita unyayo, ikakwama penye kifundo, na alipoivuta kwa nguvu kisigino kikateremka chini ya unyayo. Watu wakacheka. Bibi hakucheka, na alikuwa na haki. Kisigino cha kipande kina kina kirefu zaidi, na huwafaa watu wa namna yake bila maneno mengi. Tena kipande kile huweza kufumwa kwa vitanzi vya kurukwa kimoja kimoja, kikawa kinene maradufu. Chetu hiki ni chembamba kama soksi yote.

Tulikwenda nyumbani, tukafikiri, tukarudi na jibu, ambalo bibi mwenyewe alilisaidia. Kwa mguu ulioinuka, ongeza vitanzi upande wa unyayo katika mizunguko 12 ya mwisho kabla ya kisigino: kila mzunguko wa tatu kimoja kuume na kimoja kushoto. Unyayo utatoka vitanzi 30 ufike 38. Kisigino ukifume kwa hivyo 38, ukibakiza 12 katikati. Mistari ya kushuka itakuwa 26, nayo ni sentimita 6 na nusu, kwa hiyo lazima uanze mapema, soksi ikiwa sentimita 16 na nusu. Baada ya kisigino vipunguze vile 8 vya ziada, viwili kila mzunguko wa pili, urudi 60. Bibi aliivaa. Alisema inavumilika. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Juu ya wembamba wa kisigino, fuma mistari yote 40 pamoja na uzi mwembamba wa nailoni wa cherehani wenye rangi ileile. Wateja wetu si wanafunzi peke yao. Wako wachuma chai, wakulima wa viazi na wakamua ng'ombe, ambao hushinda ndani ya mabuti ya mvua tangu alfajiri, na buti la mpira hukitafuna kisigino kuliko kiatu chochote. Kwa hao sufu ni bora kuliko uzi wa kiwandani, maana sufu hata ikilowa bado huhifadhi joto, na asiyejua maana ya neno hilo aje kwetu nyanda za juu mwezi wa Juni kabla ya jua kutoka. Lakini waambieni wanunuzi kwamba sufu isifuliwe kwa maji ya moto wala kusuguliwa kwa nguvu. Itajikaza iwe ya mwanasesere. Na uzi wa kiwandani usianikwe karibu na moto, kwani huyeyuka.

Mguu wa juu sina mengi ya kuusemea. Zungukeni kwa vitanzi 60 hadi urefu utakiwao, kisha mdomo wa mbavu, viwili wazi na viwili kinyume, sentimita 4. Hatari iko penye kufunga. Soksi inayoanzia vidoleni hufungwa mdomoni, na ukifunga kwa njia ya kawaida mdomo hautapita kisigino cha mvaaji. Acha uzi wenye urefu mara tatu ya mzunguko wa mguu, utie kwenye sindano butu ya kushonea. Ipitishe katika vitanzi viwili vya kwanza toka kulia kwenda kushoto, vuta. Irudishe katika kitanzi cha kwanza peke yake toka kushoto kwenda kulia, vuta, kiangushe. Na tena hivyohivyo. Usikaze. Njia hii ilienezwa na Elizabeth Zimmermann, mwalimu mashuhuri wa ufumaji, naye alipenda wafumaji watumie akili zao kuliko kufuata karatasi.

Sasa nirudi kwa makatibu, maana niliwaahidi habari ya fedha.

Faida kubwa ya njia hii kwa chama haiko sindanoni, iko kwenye daftari. Tulikuwa tukikagua soksi ikiwa imekwisha, wakati ambapo kosa haliwezi kurekebishwa ila kwa kufumua kazi yote. Soksi inayoanzia vidoleni huleta sehemu yenye lazima kwanza. Kwa hiyo sasa tunakagua mara mbili. Mfumaji huleta soksi zote mbili zikiwa zimefika mwisho wa kisigino, bado ziko sindanoni. Tunazilaza juu ya ubao wa kipimo, tunahesabu mizunguko, tunaingiza kidole penye pembe za kisigino. Zikiwa sawa, mkaguzi anatia sahihi na mfumaji anapata nusu ya ujira wake siku ileile. Zisipokuwa sawa, anafumua sehemu tu, na hasara ni ya jioni moja. Nusu ya pili hulipwa soksi zikikamilika.

Walikuwapo waliolalamika kwamba huku ni kumpa mtu fedha kabla ya kazi kwisha. Nawajibu kwamba mama aliyepokea nusu ya ujira ana sababu ya kurudi kuchukua nusu nyingine, na katika jozi zote tulizofuma kwa utaratibu huu hakuna iliyobaki nyumbani kwa mtu.

Jambo la pili ni mizani. Uzi utoke stoo kwa gramu, na soksi zipokewe kwa gramu pamoja na uzi uliobaki. Jozi moja ya mtu mzima, kwa uzi wa karibu mita 400 katika gramu 100, yaweza kuchukua gramu 100 zote ikiwa mguu ni mrefu. Gawanyeni uzi mafungu mawili yenye uzito sawa kabla ya kuanza, fungu moja kwa kila soksi. Mfumaji akimaliza kisigino, uzi uliobaki kwenye fungu lake hupimwa, na hapo hujulikana mguu wa juu utafika wapi. Soksi zote mbili zitafika mahali pamoja. Gramu 70 tulizotoa kwa kila jozi, bila kuuliza ukubwa wa miguu, zilikuwa kosa la ofisi, nami nalisema waziwazi, kwa sababu mkutano ule wa kugawana hasara haukulitaja, na wafumaji ndio waliobeba.

Jambo la tatu ni kikaratasi cha jina. Katika chama chetu siku hizi hatutumii karatasi. Kila mfumaji ana rangi yake, na hushona uzi wa rangi hiyo, vipande viwili vifupi, upande wa ndani wa mdomo. Mnunuzi haoni, sisi tunaona. Hata soksi ikirudi baada ya mwaka tutajua imetoka mikononi mwa nani, na hakuna atakayelipia kosa la jirani.

Yule mfumaji aliyetuacha nilimpelekea habari hizi kwa mdomo wa binti yake. Nilimwambia rangi ya kijani haijachukuliwa na mtu. Hajajibu.

Mchana, saa nane, tutakutana katika ukumbi mdogo. Kila mjumbe aje na sindano tano zenye ncha mbili, au spoki tano zilizonolewa, na uzi wa rangi nyepesi ili vitanzi vionekane. Vyama vyenye mizani ya gramu na vije nayo. Iko moja tu hapa, nayo ni ya duka la jirani na yapasa irudi kabla ya saa kumi na moja. Tutafuma ncha ya vidole leo. Kisigino ni kesho asubuhi, mwanga ukiwa mzuri.